Ng'ombe wa Maji na Makande ya Bibi Eliaichi

Ng'ombe alikuwa mzima wa afya, na hilo ndilo lililomkosesha Nisaeli Mbise raha.

Angekuwa mgonjwa, kazi ingekuwa nyepesi. Angemwongezea chokaa, angempunguzia mwanga, angemkuna ukoga, basi. Lakini Ng'ombe alikuwa ametanda ndani ya tangi lake, mweupe kama tui la kwanza, akinyonya maji ya chemchemi upande huu na kuyaachia upande ule, hana habari na mtu.

Hakuwa na pembe, kwato wala mkia. Alikuwa utando hai, mnene kama godoro, uliooteshwa maabara kutokana na mbegu ya madini yanayofanana na ya mfupa, na kazi yake hapa duniani ilikuwa moja tu: kula floraidi. Kadiri alivyoila ndivyo alivyobadilika rangi, kutoka weupe hadi waridi, kutoka waridi hadi zambarau. Ndipo Nisaeli alipomkamua chembe ngumu ambazo mji mzima uliziita jibini. Wahandisi walikuwa wamempa jina refu lenye namba katikati. Watu wa Ngarekuru waliposikia valvu yake ikiguna alfajiri ya kwanza, mmmuu, wakalitupa jina lile wakampa la kwao.

"Nukta saba," Nisaeli aliisoma saa ya tangi kwa mara ya tatu asubuhi hiyo. Nukta saba ya miligramu kwa lita ni maji mazuri. Floraidi kidogo namna hiyo hulinda meno. Ikipita moja na nusu huyatia madoa, ikizidi sana na kuzoeleka hupinda mifupa. Chemchemi yenyewe, kabla haijapita kwa Ng'ombe, ilikuwa ishirini na mbili. Kwa hiyo maji yalikuwa mazuri. Watoto ndio hawakuwa wazuri.

Kila mtoto wa shule ya awali ya Ngarekuru alibandikwa nyuma ya gego shanga ndogo kama mbegu ya mchicha, na kila saa shanga ile iliuambia mtambo wa kituo kiasi cha floraidi kilichokuwa katika mate. Shanga arobaini na tatu, mistari arobaini na mitatu kwenye kioo, na kwa miezi mitatu mistari ile ilikuwa ikipanda kama mbuzi waliosikia kuna majani juu. Uliokuwa juu kuliko yote ulikuwa wa Sifaeli, binti yake mwenye miaka mitano, ambaye wakati huo alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akiimba wimbo aliokuwa akiutunga humo humo.

"Simama kidogo, mama. Unganisha visigino."

Sifaeli alisimama. Nisaeli akaingiza vidole katikati ya magoti yake. Juzi vilikuwa viwili. Leo vilipita vitatu.

"Mama, mbona unanipima kama fundi cherehani?"

"Nataka nikushonee suruali ya jogoo," Nisaeli alisema, akacheka kwa nguvu kuliko utani wenyewe ulivyostahili.

Nje watu walikuwa wakimsubiri. Mabomba yalikuwa yamefika kila nyumba, lakini hakuna bomba lililofunguliwa Ngarekuru kabla mlinzi wa maji hajasimama kibarazani na kikombe. Huo ulikuwa mwiko, tena wenye sababu. Nisaeli alipokuwa na miaka sita, wataalamu walileta chujio la mkaa wa mifupa. Maji yakawa safi, na hakuna aliyeambiwa mifupa ile ni ya nini. Siku ilipojulikana kwamba ilichanganywa, ya ng'ombe, ya nguruwe na ya nani ajuaye, Waislamu na Wasabato wa Ngarekuru, ambao hawakuwahi kukubaliana hata juu ya siku ya soko, walikubaliana kwa asubuhi moja. Walilivunja chujio kwa mashoka, wakarudi chemchemini kwa miaka kumi na moja. Meno ya Nisaeli, ya rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni, yaliota katika miaka hiyo. Migongo iliyokakamaa ya mjini ilitoka humo humo.

Ndiyo maana kila asubuhi mlinzi wa maji alitaja kwa sauti kila kilichomo, kisha akanywa yeye kwanza.

"Katika kikombe hiki," Nisaeli alisema kibarazani, "mna maji ya chemchemi, floraidi nukta saba, chokaa ya kumlisha Ng'ombe, na pumzi yake. Hamna kingine."

"Na mate yako!" akapaza Bi Zaituni, muuza mitumba, aliyekuja kila siku kwa ajili ya kusema hilo tu.

Nisaeli akanywa. Valvu ikaguna. Mji ukapata maji.

*

Adhuhuri aliitandaza mistari yote juu ya kioo na kuikodolea macho hadi ikamwonea huruma. Kila siku ya shule iliruka saa sita na nusu mchana, kisha ikateremka polepole. Jumamosi na Jumapili ilikuwa imelala. Hakikuwa kisima cha wizi, wala chai, wala dawa ya meno. Ni kitu kilichokuwa kikiliwa shuleni, mchana, na watoto wote kwa pamoja.

Jiko la shule ya awali lilikuwa la mama yake.

Alikata kipande cha Ng'ombe, kama ukucha, akakitia ndani ya chupa ya maji safi. Kipande cha namna hiyo kiliitwa ndama, na kilionja vizuri kama mama yake. Akashika njia.

Bibi Eliaichi alikuwa ameinamia sufuria la makande, si kwa kupenda. Shingo na mgongo wake vilikuwa vimeshikana tangu miaka kumi na tisa iliyopita, vikawa kitu kimoja kama mpini. Akitaka kumwona mtu usoni, aliegemea ukuta na kujilaza nyuma mwili mzima. Mlima Meru ulisimama juu ya paa lake, na hakuwa amekiona kilele chake tangu shingo ilipogoma. Kwa hiyo kila mchana Sifaeli, kabla ya kupewa bakuli, alikuwa na kazi ya kumwambia bibi yake mlima umeamkaje.

"Umevaa kofia, Bibi," alikuwa akisema mtoto Nisaeli alipoingia.

"Nyeupe au ya kijivu?"

"Nyeupe. Imekaa upande."

"Umelewa huo. Kaa ule." Kisha, bila kuinua uso: "Karibu, mwenye ng'ombe asiye na maziwa."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hiyo miguu naijua, lakini chupa siijui. Umekuja kula au umekuja kukagua?"

"Nimekuja kuuliza. Magadi unatia kiasi gani siku hizi?"

"Zamani kipande kama kidole. Sasa natia ngumi."

"Ngumi! Kwa nini?"

"Niulizie Ng'ombe wako!" Bibi aligonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. "Maji ya chemchemi yalikuwa na nguvu, yalikuwa na magadi yake mwenyewe ndani. Maharage yakiyaona yanajisalimisha. Haya ya kwako laini! Nawasha moto alfajiri, hadi saa nne maharage yananitazama tu kama wakwe. Nifanye nini? Watoto wale mawe?"

Nisaeli alihisi kama mtu aliyejikanyaga mwenyewe mguu. Ng'ombe alikuwa ameila floraidi ya chemchemi, na pamoja nayo ameila ile nguvu iliyoivisha maharage. Na magadi ya ziwani, yale mawe ya kijivu yaliyolainisha makande ya ukoo huu tangu enzi, yalikuwa yamejaa floraidi kuliko chemchemi yenyewe. Walikuwa wamefunga mlango wa mbele kwa kufuli, Bibi akawa anaingiza mwizi yule yule kwa mlango wa jikoni, tena akimkaribisha kiti.

Alimega kichembe cha magadi, akakidondosha chupani.

Ndama alikuwa mweupe. Akawa waridi. Kabla mtu hajamaliza kupiga chafya akawa zambarau iliyoiva.

Bibi Eliaichi hakuweza kuiona chupa. Nisaeli alikuwa ameiinua juu ya upeo wa macho yake. "Kimesemaje hicho kichupa?"

Nisaeli aliwatazama watoto arobaini na watatu wakifuta mabakuli kwa vidole. Alimtazama Sifaeli. Alilitazama paji la uso la mama yake, ambaye tangu aachwe na mume aliilea familia kwa makande haya haya, na aliyejulikana kote kwa jina moja zuri: mpishi.

"Kimesema," alijibu, "kina njaa."

"Basi kipe makande," alisema Bibi, na mtu asingeweza kujitetea mbele ya ukarimu ule.

*

Mhandisi Fanuel Kitomari alifika kutoka mkoani saa kumi alasiri, maana mistari aliiona na yeye. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye mguu wa kushoto uliopinda kama upinde. Nisaeli alimsimulia yote. Alimaliza akidhani ataambiwa alifunge jiko.

Kitomari akatoa mkobani pakiti ndogo ya fedha. "Hii inaitwa kifungio. Ni chembechembe hai, ndugu wa huyu Ng'ombe wako. Ukizitia kwenye tangi, mtu anazinywa, zinakaa tumboni mwake siku kadhaa. Floraidi ikishuka na chakula, zinaikamata, zinatoka nayo. Haziumizi, zimepimwa miaka tisa. Mama yako aendelee na ngumi yake."

"Zina ladha?"

"Hazina ladha, rangi, wala harufu."

"Na watu?"

"Watu wamefanyaje?"

"Tutawaambiaje?"

Kitomari alikaa juu ya ndoo ya Sifaeli, akanyoosha mguu wake mbovu. "Dada Nisaeli, ninyi hapa mnalijua neno 'kutia kitu kwenye maji' kuliko mtu yeyote. Ukilitamka kibarazani, kesho kutwa kuna mashoka. Watarudi chemchemini. Miaka kumi na moja, ulisema? Kabla ya kufika miaka sita, mifupa ya goti bado ni laini. Ukiondoa floraidi leo, inajinyoosha yenyewe. Ukichelewa, ndiyo hii." Aligonga goti lake. "Mimi hakuna aliyeniuliza kama nataka kupinda. Ningenyooshwa bila kuulizwa, nisingelalamika."

Nisaeli aliipokea pakiti, akaigeuza mkononi.

"Pakiti ikifunguliwa inaishi siku moja tu," alisema Kitomari akiinuka. "Mlango wa tangi haufunguki ila kwa kidole gumba chako. Nitalala nyumba ya wageni."

Alipobaki peke yake aliichana pakiti. Tuseme ukweli: aliichana haraka, asije akabadili nia. Akaweka kidole gumba kwenye kufuli, mlango ukafunguka, Ng'ombe akaguna kwa furaha kama anayedhani ni chakula. Unga ulikuwa mzuri, mwepesi kama poda ya mtoto. Kutikisa mkono mara moja tu, magoti arobaini na matatu yangenyooka, na Bibi Eliaichi angebaki mpishi mpaka kaburini.

Ila asubuhi palikuwa na kikombe. Alijijaribu pale pale, kwa sauti ndogo. "Katika kikombe hiki mna maji ya chemchemi, floraidi nukta saba, chokaa, pumzi ya Ng'ombe. Hamna..." Neno lililofuata lilikataa kutoka. Alilivuta, likakaa. Akakumbuka baba wa jirani yao akirudi na shoka begani Mwaka wa Mifupa, akilia. Hakulia kwa sababu ya mifupa, alilia kwa sababu alikuwa amewaambia watoto wake mwenyewe, kunyweni, haya ni maji tu.

Aliukunja mdomo wa pakiti, akaufunga mlango wa tangi. Ng'ombe alinuna.

*

Asubuhi alisimama kibarazani na kikombe mkono huu, pakiti mkono ule, chupa ya ndama kwapani. Alikuwa amemwomba mama yake aje. Bibi Eliaichi alikuwa ameegemezwa ukutani mstari wa mbele, Sifaeli akiwa amemshika kidole. Kitomari alikuwa nyuma kabisa, karibu na baiskeli yake.

"Katika kikombe hiki," alisema Nisaeli, "mna maji ya chemchemi, floraidi nukta saba, chokaa na pumzi ya Ng'ombe."

"Na mate yako!"

"Na mate yangu, Bi Zaituni. Lakini leo nina la bakuli pia." Na akasema. Alisema mistari inapanda, akasema saa sita na nusu, akasema maji yetu laini na maharage magumu. Akadondosha kijiwe cha magadi chupani, akaishusha chini kabisa, usawa wa macho ya mama yake, akaiacha hapo hadi ikawa zambarau.

Kisha Bibi Eliaichi akasema taratibu, "Unaniita mchawi mbele za watu, Nisa?"

"Hapana, Mama. Magadi haya na mimi nimeyala, na mimi nimemlisha Sifaeli. Jana ulipouliza chupa imesemaje nikakudanganya, kwa sababu nilikuogopa. Maji yaliyoshinda maharage yako ni yangu. Kosa ni la kwangu nusu, tena nusu kubwa."

Kelele zikapasuka. Mmoja alisema magadi yameliwa tangu babu wa babu. Mwingine akamjibu babu wa babu alikuwa anatembea kama kaa, hukumwona? Nisaeli aliinua pakiti hadi wakanyamaza. Aliwaeleza kifungio ni nini, kimetoka wapi, kinaingia tumboni, kinatokaje. "Jana mlango ulikuwa wazi na mkono ulikuwa juu ya maji. Ningekitia msingejua. Sikukitia. Kitakufa alasiri ya leo. Mkikitaka nitakitia mbele yenu. Mkikataa, Mhandisi yule pale kwenye baiskeli atakirudisha."

Vichwa vyote vikageuka. Kitomari akatazama baiskeli kama anayepima itakwenda kasi gani.

"Kina nguruwe?" aliuliza Bi Zaituni, na safari hii hakuwa akitania.

"Hakina, mama," Kitomari alijibu, akifungua mkoba. "Hakina mnyama wala mfupa. Karatasi zake zote ninazo hapa. Soma, au mpe unayemwamini asome."

Bi Zaituni aliziendea, akazisoma zote, miwani ikimteremka, na mji mzima ukamsubiri. Hakuna aliyemharakisha. Nisaeli alihesabu miguno minne ya valvu.

"Mwaka ule," alisema mwishowe akizikunja, "na sisi tungesoma. Hakuna aliyetuletea cha kusoma." Akamrudishia Kitomari. "Mimi sina neno. Muulizeni mwenye sufuria."

Bibi Eliaichi alijisukuma nyuma dhidi ya ukuta mpaka akamwona binti yake usoni. Yalikuwa macho makavu, makali.

"Hicho kiunga kitanywewa mpaka lini? Mpaka Sifaeli awe bibi?"

"Mpaka tupate namna ya kuivisha maharage bila magadi, Mama. Mimi namna hiyo siijui."

"Hujui kwa sababu ulikwenda kusomea ng'ombe!" Watu wakacheka, na kicheko kile kilitoa kitu kifuani mwa kila mtu. "Mama yangu, kabla barabara ya ziwani haijafika, alichoma maganda ya ndizi. Majivu yake unachuja na maji, yale maji unamwagia sufuriani. Maharage yanalainika mpaka yanakuomba radhi. Tuliacha kwa uvivu tu. Jiwe halihitaji kuchomwa. Kuna mtu ana majivu ya maganda hapa, au wote mmestaarabika?"

Ikatokea nyumba ya tatu wana majivu ya kusugulia masufuria, ya maganda hasa. Nisaeli alikata ndama mpya. Majivu yakaingia chupani. Mji wa Ngarekuru, Waislamu na Wasabato na wasiosali popote, ukainamisha kichwa juu ya chupa moja.

Ndama alikuwa mweupe. Akasitasita. Akaingia waridi kidogo sana, kama mtu aliyesifiwa hadharani, akabaki hapo.

"Basi tia kiunga chako," alisema Bibi Eliaichi. "Msimu mmoja, mpaka mkono wangu uyazoee majivu. Ila leo kikombe cha kwanza ni changu."

Nisaeli alifungua tangi mbele ya watu wote, akatikisa mkono mara moja. Akachota. Mama yake hakuweza kukiinua kikombe, shingo haikumruhusu, kwa hiyo Sifaeli alimshikia mrija, naye akanywa polepole mpaka mwisho, mji ukitazama koo lake.

"Kina ladha gani, Bibi?"

"Ya maji," alisema, karibu kama aliyedhulumiwa.

Kitomari alikuja kuaga akiwa ameikamata baiskeli kwa mikono yote miwili. "Miaka tisa tumepima kila kitu cha hiki kifungio," alimwambia Nisaeli. "Hili hatukuwahi kulipima."

"Lipi?"

"Kuuliza."

*

Saa sita na nusu mchana Nisaeli hakuwa na ujasiri wa kukaa mbele ya kioo, na hakuwa na ujasiri wa kutokaa. Makande ya kwanza ya majivu yalikuwa yamepakuliwa. Kwa mujibu wa habari zilizomfikia, yalinuka moshi, yalikuwa na rangi ya kutia shaka, na watoto wanne walikuwa wamedai nyongeza.

Mistari ilifika pale ilipozoea kuruka. Ikasita. Ikapanda unene wa uzi, ikaona haina sababu, ikalala. Alisubiri hadi saa saba, ikaendelea kulala, yote arobaini na mitatu, hata ule wa Sifaeli.

Alikwenda jikoni mbio. Bibi Eliaichi alikuwa akisugua sufuria, paji la uso likiwa limeingia majivu.

"Imelala, Mama! Mistari yote imelala!"

"Usinipigie kelele, nimesikia. Kesho nitapunguza moshi." Akaendelea kusugua. Alikuwa bado hajamsamehe sawasawa, na hakuficha. Ingechukua siku, na siku zilikuwepo. "Sifaeli! Hukuniambia leo. Mlima umeamkaje?"

Mtoto alitoka uani, akaunganisha visigino vyake kama alivyozoeshwa kupimwa, akainua uso juu, juu zaidi, hadi kichwa kikamgusa mgongo.

"Hauna kofia, Bibi. Uko kichwa wazi."

"Wote?"

"Wote. Unaonekana hadi mwisho."

"Basi endelea kuutazama," alisema Bibi Eliaichi. "Unitazamie na mimi."